Kibaraza Kilichopinda

Kabula alishuka kwenye basi la kutoka Ipole akiwa amechoka kana kwamba ndiye aliyelibeba basi. Magoti yalimuuma. Mkono mmoja ulishika ndoo ya asali, mwingine mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa. Kwa kuwa mikono ilikuwa imekwisha, kofia ngumu ya njano ya mafundi wa reli alikuwa ameivaa kichwani, juu ya kilemba cha kanga. Wapiga debe wa stendi walimwangalia.

"Mama, mradi umeanzia wapi?" mmoja akamuuliza.

"Umeanzia kwenye mdomo wako," Kabula akamjibu bila kusimama. "Tunaukarabati."

Wenzake walicheka. Kabula hakucheka. Nguvu kidogo alizokuwa nazo alizitunza, maana leo zingehitajika mahali pengine.

Kofia ile hakuinunua. Alimnyang'anya mwenyewe, Injinia Tayibu, mtani wake, zamani sana, kwenye kibaraza cha nyumba yake pale Kanyenye, na tangu siku hiyo ilikuwa ikifunika ndoo ya asali. Mwenye kofia aliidai kila walipokutana, na kila walipokutana Kabula alimwambia aende mahakamani. Sasa kofia ilikuwa inarudi Kanyenye, na wa kuidai hayupo. Leo ilikuwa arobaini yake.

Injinia alikufa Kabula akiwa porini, kambini kwa warina asali, ambako simu haishiki mtandao. Alipotoka na ndoo zake na kufika barabarani, simu ikalia mfululizo na habari zote zikaingia kwa mkupuo: mtani wako anaumwa, mtani wako yuko hospitali, mtani wako amefariki, mtani wako tumeshamzika. Alikaa chini kando ya lami, asali ikapata jua. Kilichomuumiza si kifo peke yake, kwa kuwa Tayibu alikuwa na umri wake na moyo wake ulishamsumbua miaka. Kilichomuumiza ni kwamba alizikwa kimya. Hakuna aliyelala mlangoni jeneza lisitoke. Hakuna aliyevaa viatu vyake akaiga mwendo wake. Alizikwa kwa heshima zote, kama wanavyozikwa wageni, na hilo ndilo jambo moja alilokuwa ameomba lisimpate.

Tayibu alizaliwa Atbara, mji wa reli huko Sudani. Alikuja Tabora kijana, kwa mkataba wa kusimamia matengenezo ya njia ya reli. Mkataba ukaisha, wenzake wakarudi makwao, yeye akabaki. Watu walipomuuliza kwa nini, alisema kwamba Alhamisi yake ya kwanza mjini alisikia zikri ya tarika ya Kadiria ikitoka msikitini Gongoni, ile ile ya kwao, akajua kwamba hajapotea. Baadaye akamwona Batuli, binti wa mshona kofia, akajua kwamba hata akipotea si hasara.

Ila palikuwa na siku aliyojiona mgeni kweli. Alikwenda kwenye msiba wa nyapara mmoja wa genge la reli, mtu wa asili ya pwani, akakuta jeneza linataka kutoka na mwanamke kijana amelala kizingitini, amevaa koti la marehemu, anadai kwamba mtumwa wake hatoki mpaka arudishe jogoo wake. Waliokuwa wanalia walicheka, na waliokuwa wanacheka walilia. Tayibu akauliza kulikoni. Akaelezwa kwamba hao ni watani, Wanyamwezi na watu wa pwani. Babu zao walitembea pamoja kwenye njia ya misafara, wakabeba pembe na mizigo ya watu kutoka huku mpaka Bagamoyo, wakaugulia porini, wakazikana njiani, na tangu hapo hawakasirikiani. Mmoja akifa, mwenzake huja kumcheka, ili wafiwa wapate pa kuvutia pumzi.

"Na mimi?" akauliza. "Mtani wangu nani?"

Watu wakatazamana. Msudani hana mtani. Yule mwanamke wa kizingitini, ambaye ndiye Kabula huyu, enzi hizo magoti yake hayajui maumivu, akainuka akajipangusa vumbi.

"Wewe umekuja kwa njia gani?"

"Kwa meli mpaka Dar es Salaam. Halafu kwa treni."

"Treni inafuata njia ya misafara. Wote waliokuja kwa njia ile ni watumwa wangu. Nenda kanywe uji, mtumwa."

Neno hilo ni zito katika njia ile, na kila mtu Tabora anajua uzito wake. Lakini watani wamelitumia kwa miaka mingi mpaka makali yameisha, likawa kama jiwe la kusugulia miguu. Tayibu hakujua hayo. Alikunywa uji, akaondoka amekunja uso. Ijumaa iliyofuata alitoka msikitini asione viatu vyake. Alitembea peku kwenye mchanga wa moto mpaka sokoni Kanyenye, akamkuta Kabula amekaa nyuma ya ndoo zake za asali, kavaa viatu vyake, vinampwaya. Watu wa pale sokoni walisogea wakingoja ugomvi. Tayibu alisimama, akavitazama viatu, akamtazama mvaaji.

"Mpagazi," akamwambia, kwa Kiswahili chake kibovu cha siku hizo, "umebeba viatu vyangu. Sasa nibebe na mimi."

Soko zima lilicheka. Siku hiyo alipata mtani, na kwa jinsi alivyolisimulia jambo hilo maisha yake yote, ungedhani alipewa uraia siku hiyo na siyo miaka kadhaa baadaye.

Nyumbani kwa Injinia wanaume walikuwa wamekwisha kutandika mikeka uwanjani, na nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanapalia moto juu ya mfuniko wa sufuria la pilau. Kabula alisalimia huku na huku, akaitikia shikamoo nyingi, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha Batuli. Batuli alikuwa bado yumo edani. Alikaa kitandani na kanga nyeupe, nyuma ya pazia, haonani na wanaume.

"Hodi, wifi," Kabula akaita, maana mtani wa Injinia alihesabiwa dada yake.

"Karibu, wifi yangu. Pole na njia."

"Pole wewe."

Walishikana mikono, wakakaa. Ni Batuli aliyeanza.

"Hiyo kofia umeileta ya nini?"

"Unajua."

Batuli aliifumba mikono yake mapajani. Alikuwa amekonda, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezungumza na wageni wengi mno.

"Hashimu amekuja. Mdogo wake."

"Nimesikia."

"Vita imemtoa kwao, wifi. Sasa anakaa Kairo, kwenye chumba cha watu. Amekopakopa mpaka akafika. Ndugu zao wote wameisha, huyu ndiye aliyebaki, na kesho kutwa anaondoka. Najiat na wadogo zake hawana mwingine wa kuwaambia bibi yao alikuwa nani, alipika nini, alikuwa anacheka vipi. Akiondoka hapa na kinyongo, mlango umefungwa. Nakuomba. Leo kaa kama watu wengine. Itikia dua, kula pilau, basi."

"Nilimwahidi, Batuli. Na wewe ulikuwepo. Alisema, nikifa usinililie, nitanie, wasije wakasema kafa mtu wa kuja."

"Uliyemwahidi amekufa. Mimi ndiye niliye hai."

Kabula alikaa, akasikiliza magoti yake. "Nimekusikia, wifi," akasema mwishowe. Batuli alimjua vya kutosha kutambua kwamba kusikia siyo kukubali, lakini alichoka kumbana.

Najiat, binti mkubwa, mwalimu wa sekondari, alimsindikiza Kabula mpaka jikoni. "Shangazi, umemwona Baba mdogo? Anafanana na Baba mpaka nashindwa kumtazama."

"Nitamwona."

"Jana kanihadithia walivyokuwa wanaogelea mtoni wakiwa wadogo. Baba hakuwahi kutuambia kwamba anajua kuogelea." Alisema hivyo kwa upole, lakini Kabula alisikia kilichokuwa chini yake. Huyu naye alikuwa anamwomba.

Basi akajiambia kwamba atatulia. Alikaa kwenye kigoda, akachambua mchele wa sufuria la pili, akaacha hitma isomwe uwanjani. Kusema kweli alijisikia nafuu. Kutania msibani ni kazi. Kunataka pumzi, kunataka kiuno, na kunataka moyo ambao bado haujavunjika sana. Wenziwe wangemfanyia Tayibu dua, na dua haihitaji magoti ya mwanamke wa Ipole.

Ikafika zamu ya mawaidha. Ustadhi Adinani, aliyesoma Khartoum na aliyekuwa mkalimani wa Hashimu tangu afike, alisimama akasafisha koo.

"Ndugu zangu, marehemu alikuwa mgeni wetu mwema," alisema. "Aliishi nasi ugenini kwa adabu. Hakumkosea mwenyeji yeyote. Mgeni huyu alitutengenezea mabomba ya msikiti bila kuombwa. Mgeni huyu alikuwa wa kwanza kufika alfajiri. Tumwombee, na Mungu amlipe kwa wema aliowafanyia watu wasiokuwa wake."

Kabula aliuweka ungo chini.

Alijipangusa mikono. Akachukua kofia ngumu, akaivaa juu ya kilemba. Mlangoni, kwenye msumari wake wa siku zote, ilining'inia pimamaji ya Injinia, ule ubao mwembamba wenye kichupa cha maji katikati, ambao mafundi huutumia kupima kama kitu kimekaa sawa. Tayibu alikuwa akienda nao kila mahali. Alipima meza za mahoteli, vitanda vya wagonjwa aliokwenda kuwajulia hali, hata mimbari. Kabula aliutwaa bila kuomba, kama mtani anavyotwaa, akaweka mikono nyuma, akainamisha kichwa upande, akatokea uwanjani kwa hatua fupi za haraka za mtu anayechelewa swala lakini ameona bomba linavuja.

Kwanza vichwa viligeuka. Kisha mtu mmoja akasema, "Lahaula, Injinia huyo."

Kabula alipita katikati ya mikeka akikoroma kidogo kooni, kama Tayibu alivyokuwa akikoroma. Akaiweka pimamaji juu ya kofia ya Ustadhi Adinani, akafumba jicho moja.

"Imelalia upande, ustadhi. Mawaidha yote yamemwagikia kulia."

Kicheko kikatoka pembeni, kikaenea. Akaiweka kwenye sinia. Akaiweka kwenye bega la mzee mmoja wa reli, akatikisa kichwa kwa huzuni. Akafika kwa Hashimu, aliyekaa mahali pa heshima, na kweli alikuwa Tayibu mtupu, paji lile lile, masikio yale yale. Akauweka ubao begani kwake.

"Huyu yuko sawa. Amechoka tu."

Halafu akapanda kibarazani, akaiweka pimamaji sakafuni, akawageukia watu.

"Njooni muone aibu. Mtumwa wangu huyu kanyoosha reli, treni za watu zinapita hazimwagi hata chai. Kibaraza chake mwenyewe kimepinda. Mvua ikinyesha, maji yanaingia ndani kuwasalimia wenye nyumba. Miaka yote nimemwuliza, we Msudani, shule ulisomea wapi? Ananiambia, nyamaza, mpagazi. Sasa leo nawaambia siri. Batuli alikuwa anatoka hospitali na mtoto mchanga, huyu Najiat, na nyumba ilikuwa vumbi tupu. Mtumwa wangu akasema mwanangu halali kwenye vumbi. Kazi ya siku mbili kaianza mchana peke yake. Zege liko katikati, adhana ya alasiri ikaita. Mtu mwingine angemaliza kwanza. Yeye katupa mwiko, kakimbilia Gongoni. Karudi, zege limeshika, limelala hivyo hivyo. Kati ya Mungu na mtoto, sakafu ndiyo iliyopinda. Na hakuibomoa. Nilimwambia bomoa, akasema hapana, hii inanikumbusha."

Watu walikuwa wanacheka na kujifuta macho. Kabula akajilaza mlangoni kwa shida, goti moja kisha lingine, akajinyoosha kwenye kizingiti na kofia yake.

"Hapiti mtu. Mtumwa wangu kaondoka bila kuniaga, nami niko porini namtafutia asali. Mwambieni arudi aniage. Mpaka arudi, pilau haitoki na mtu haingii."

Kutoka nyuma ya pazia la Batuli ilisikika sauti, haikujulikana ni kilio au kicheko, na ilichukua muda mrefu kuisha.

Hashimu alimgeukia Adinani akamwuliza kitu kwa Kiarabu. Adinani alijibu kwa maneno machache. Hashimu akauliza tena, akamkazia macho, na safari hii Adinani alisema kwa kirefu, na mahali pamoja alishusha sauti. Hapo mgeni akasimama. Akaisogeza sahani aliyokuwa ameandaliwa, akazunguka kwa mlango wa uani, akaingia chumba cha wageni, akafunga.

Kicheko kilikatika. Kabula alibaki amelala pale kizingitini, akitazama dari. Alikuwa amechoka kiasi cha kutaka kulala kweli.

Ni Najiat aliyekuja kumwinua. "Shangazi, Baba mdogo anasema hali chakula cha nyumba hii. Anasema basi la asubuhi likipatikana ataondoka nalo." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimecheka, nakubali nimecheka. Ila nenda ukamwombe radhi. Neno moja tu, yaishe."

Kabula aliingia chumba cha wageni bila kuvua kofia. Hashimu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kibegi chake kidogo kando ya miguu. Adinani alisimama dirishani, hana raha. Kati ya chumba hicho na cha Batuli palikuwa na pazia tu, na Batuli alikuwa nyuma yake. Kabula aliviona vidole vya miguu yake chini ya upindo.

Hashimu alisema kwa sauti ya chini. Adinani akatafsiri.

"Anasema huko kwao kazika dada zake kwa haraka, mwingine bila hata sanda ya kutosha. Alikuja aone japo ndugu mmoja aliyepewa heshima yake. Amekuta watu wanamcheka na kumwita mtumwa."

"Mwambie ni kweli tulicheka," Kabula akasema. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, magoti yalikuwa yamekataa. "Halafu muulize hivi. Huko Kairo anakoishi, yupo mtu wa kumchukulia viatu mlangoni pa msikiti?"

"Viatu?"

"Muulize, ustadhi."

Adinani akauliza. Hashimu alimtazama Kabula kana kwamba hajamsikia vizuri. Kisha akaangalia viatu vyake, vilivyochakaa visigino.

"Anasema hapana. Anasema huko hata jirani wa ukuta mmoja hajui jina lake."

"Basi. Ndugu yake sisi tulimchukulia viatu. Akatufuata peku."

Adinani alitafsiri, na kwa kuwa hadithi ya viatu Tabora nzima inaijua, aliongeza na yale ya sokoni. Hashimu alisikiliza akiwa amefumba macho. Mahali pa "nibebe na mimi" midomo yake ilitikisika kidogo. Lakini alipofumbua macho, uchovu wake ulikuwa pale pale.

"Anasema ameelewa kiasi. Anasema hana ugomvi na wewe. Ila kwao mtu akimuumiza mfiwa, hata bila kukusudia, huomba radhi mbele ya watoto, ndipo mfiwa anakula. Sema neno hilo tu, naye atatoka, atakula na watu."

"Wifi," Batuli akaita kutoka nyuma ya pazia. "Sema tu."

"Shangazi, tafadhali," Najiat akasema mlangoni.

Kabula aliivua kofia, akaishika mapajani. Lilikuwa neno dogo. Alilisema kila siku, kwa wateja walioona asali imeganda, kwa makondakta, kwa wazee wa kanisa alipochelewa ibada. Lisingemgharimu hata pumzi moja, na baada yake angeweza kwenda kujinyoosha mahali. Najiat angepata hadithi za bibi yake. Batuli angelala. Wote chumbani walikuwa wamechoka, na wote walikuwa wanamngoja yeye.

Akamfikiria Tayibu siku ile kwenye mchanga wa moto.

"Mtani haombi radhi," akasema. "Wanaoombana radhi ni watu wasiojuana. Nikiliomba hapa, nitakuwa nimekubali kwamba leo nilimtukana mgeni aliyefia kwenye nyumba ya watu, na kila mlichocheka kitageuka kuwa matusi. Mtamzika mara ya pili, na safari hii mimi ndiye nitakayekuwa na koleo. Huyu alikuwa mtu wa hapa. Akitaka kukasirika, akasirike, ana haki. Akitaka kuondoka, viatu vyake nitavichukua mlangoni, atanifuata."

Adinani alijilamba midomo, akaanza kutafuta maneno ya Kiarabu.

"Usiyapunguze, ustadhi," Kabula akamwambia. "Mwambie kama nilivyosema. Siombi radhi."